Mhariri, tuandikieni injini kwa Kiswahili

Mhariri,

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimeegesha gari karibu na soko la Mutindwa nikisubiri simu ya mteja, nikanunua gazeti lako kama ilivyo ada. Nikalipitia lote. Mpira wa Uingereza, kurasa nyingi. Siasa, kurasa nyingi zaidi. Mashairi, mapenzi, jinsi ya kufuga sungura. Kuhusu gari, ambalo ndilo linalonilipia kodi ya nyumba, sikuona chochote isipokuwa habari ya ajali. Nina ombi na nitalifikia, lakini kwanza nikusimulie jinsi nilivyojitia hasara kwa mikono yangu mwenyewe, nikitumia spana namba kumi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Umoja, na huu ni mwaka wangu wa sita kwenye teksi za kuitwa kwa simu. Gari langu ni Toyota Fielder ya 2009, nyeupe, injini ya 1NZ, ile ambayo mafundi wa mji huu wanaijua hata gizani. Nina daftari. Kila nikiweka mafuta naandika lita, pesa na kilomita, kwa sababu dereva asiyeandika hujidanganya kuwa anapata. Tarehe 14 ya kila mwezi, EPRA, mamlaka ya nishati, inapotangaza bei ya mafuta, mimi hulishika daftari lile kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimwambia kuna kifaa cha kuokoa mafuta, umeshampata.

Mwezi Machi nilikwenda Kirinyaga Road, ile ambayo sisi bado tunaiita Grogan, kutafuta pedi za breki. Muuzaji alipoona nimelipa bila kelele nyingi akanishikisha bomba la aluminiamu linalong'aa kama sufuria ya harusi, mwishoni limefungwa ea klina nyekundu, kile kizuia vumbi cha hewa ya injini, yenye umbo la pia. "Mathe, toa lile boksi la plastiki la ea klina, weka hii. Injini ikipumua vizuri haili mafuta." Bei 4,500. Tukavutana hadi 3,800, na akaongeza kwamba nikimletea boksi langu kuukuu atanirudishia 500. Ni lile neno la kupumua lililonimaliza. Nani asiyetaka chake kipumue?

Jumapili baada ya kanisa, mimi na mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 19 anayesomea umeme, tulifungua boneti hapo kwenye ua wa ploti, katikati ya kamba za nguo. Fundi alikuwa ametaka 1,500 na nikaona ni pesa za bure, maana kazi yenyewe si ngumu. Unaacha injini ipoe. Unafungua waya hasi wa betri, ule mweusi. Unachomoa soketi ya sensa ya kupima hewa iliyo kwenye shingo ya boksi. Ina kilimi cha plastiki cha kubonyeza kwa ukucha, na ukikivuta kwa hasira kinavunjika, umejitafutia gharama nyingine. Unalegeza klipu ya chuma kwa bisibisi, unachomoa mpira mdogo unaotoka juu ya injini, unafungua bolti, unainua boksi zima. Mdomo wa injini unabaki wazi, na huo unauziba upesi kwa kitambaa safi, kwa sababu nati moja ikitumbukia humo utaisikia mfukoni mwaka mzima. Tulichukua dakika arobaini, na robo yake ilikuwa ya kutafuta bolti iliyoangukia kwenye kava ya chini.

Nilipolifungua lile boksi nilinyamaza kidogo. Ea klina ya karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya matofali upande mmoja, vumbi la Ruai na Utawala limejaa ndani ya kila mkunjo. Ukiigeuza, upande unaotazama injini, karatasi ilikuwa nyeupe. Kwenye kona ya chini kulikuwa na jani la jakaranda lililokauka na mabawa ya kumbikumbi, pengine ishirini, membamba, yamelaliana kama maganda ya kitunguu. Kijana akapuliza. Mengi yakaruka, machache yakabaki yamenata. Hapo ndipo nilipopaswa kujiuliza: karatasi ya shilingi 600 imezuia haya yote yasiingie kwenye injini, na mimi naitoa kwa kosa gani?

Sikujiuliza. Nilikuwa naangalia aluminiamu.

Ndani ya pakiti mlikuwa na chupa ndogo ya mafuta mekundu na karatasi ya maelezo, upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kichina. Ea klina ya namna ile si ya karatasi, ni ya pamba iliyobanwa kati ya nyavu za waya, na hupakwa mafuta ili vumbi linate. Kijana akasoma, akasema tupake. Tukapaka kama mama anayempaka mwanawe siku ya picha za shule, mpaka mafuta yakachuruzika. Kumbe pale kwenye karatasi, kando ya neno la kupaka, kulikuwa na neno jingine la Kiingereza ambalo kijana alilipita bila kusimama. Binti yangu wa sekondari ndiye aliyenifafanulia wiki tatu baadaye: maana yake kwa uchache, kidogo tu. Na mstari uliofuata ulisema mafuta yaachwe yanywewe na pamba kwanza ndipo ea klina ifungwe. Mimi Kiingereza cha mteja ninacho, naweza kumpeleka mzungu hadi Karen tukiongea njia nzima. Cha injini sina.

Kosa la pili lilikuwa ule mpira mdogo. Kwenye boksi la kiwanda una mahali pake pa kuchomekwa. Bomba letu jipya halikuwa na kitundu chochote. Tukarudi kwenye video ya simu, na jamaa wa video, Mmarekani mwenye gereji kubwa kuliko ploti yetu, yeye bomba lake lilikuwa na kitundu, akachomeka akaendelea na mambo yake. "Anti, huu ni wa kutoa moshi tu, wacha ukae hapo," kijana akasema. Ukakaa hapo, mdomo wazi.

Nikawasha. Mhariri, nisikufiche, sauti ilikuwa tamu. Ukikanyaga mafuta injini inavuta pumzi kwa mngurumo, na mimi mama mzima nilizunguka Umoja mara mbili bila mteja, nikisikiliza tu. Kesho yake abiria mmoja aliniuliza, "Madam, hii ni Subaru imevaa nguo za Fielder?" Nilicheka hadi Donholm.

Siku ya nne, kwenye foleni ya Jogoo Road, injini ikaanza kupanda na kushuka yenyewe nikiwa nimesimama. Siku ya tisa, Outer Ring, taa ya njano ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Nitakiri hapa kwamba niliendesha karibu wiki mbili na taa ile inawaka, kwa sababu gari lilikuwa linaenda na karo ilikuwa inadaiwa. Mwishowe, ukaguzi wa mwaka wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, ulipokaribia, ndipo nikampelekea fundi mmoja wa kando ya barabara hapa kwetu, mwenye kile kimashine cha kuchomeka chini ya usukani.

Mashine ikasoma P0171. Fundi akaitazama, akanitazama mimi, akafungua boneti, akaanza kucheka kabla hajagusa kitu. "Mathe, injini inapata hewa mingi, mafuta kidogo. Na hii mpira imeachwa ikifanya nini hapa?" Kisha akafanya jambo ambalo namshukuru hadi leo: alichukua muda kunieleza, kwa Kiswahili, akiwa ameegemea tairi la mkokoteni wa maji.

Alichomoa ile sensa, akainua juani. Ndani mna waya mwembamba kama unywele. Umeme huupasha moto waya huo, hewa inayopita huupoza, na kompyuta ya gari hupima umeme unaohitajika ili waya urudi kwenye joto lake. Hapo ndipo inapojua hewa iliyoingia ni kiasi gani, na imwage petroli kiasi gani. Kila gramu moja ya petroli inataka karibu gramu 14.7 za hewa. Waya wangu ulikuwa umevaa koti la mafuta mekundu. Umefunikwa, haupoi sawasawa, kwa hiyo unaiambia kompyuta kwamba hewa ni kidogo kuliko ilivyo, na kompyuta inapunguza petroli. Halafu ule mpira ulioachwa wazi unaingiza hewa nyingine kwa mlango wa nyuma, hewa ambayo haikupita mbele ya sensa hata kidogo. Na haikupita kwenye ea klina yoyote, yaani nilikuwa nalisha injini vumbi la Nairobi moja kwa moja. Ni kama duka lenye karani mlangoni anayehesabu wateja akiwa amefungwa kitambaa machoni, na dirisha la nyuma liko wazi.

Aliisafisha sensa kwa dawa ya kupuliza isiyoacha ukungu, bila kuugusa waya. Jumla, pamoja na kupima, 2,000.

Kisha nikafungua daftari. Kabla ya aluminiamu, wastani wangu ulikuwa kilomita 13.4 kwa lita. Wiki tatu za aluminiamu, 12.7. Mimi huenda kama kilomita 900 kwa wiki, kwa hiyo karibu lita nne zilikuwa zinapotea kila wiki kwenye kifaa cha kuokoa mafuta. Nisimsingizie muuzaji kwa zote. Lita moja pengine ni ya mguu wangu uliopenda ule mngurumo.

Lakini hata tungefunga vizuri, hata kama mafuta yangepakwa kwa kijiti cha sikio, petroli isingepungua. Hili binti yangu alinisomea na kunitafsiria. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge huko Marekani ilijaribu magari ya kisasa ya petroli yakiwa na ea klina safi, kisha yakiwa na iliyoziba. Ulaji wa mafuta haukutofautiana kwa kiasi cha maana. Kilichopungua kwa ea klina iliyoziba ni wepesi wa kushika kasi. Na sababu ukiijua unajiona mjinga: mbele ya injini kuna mlango wa hewa unaofunguliwa na mguu wako. Ukienda polepole mlango huo umefungwa kwa sehemu kubwa, na huo ndio unaobana hewa, si ea klina. Upanue bomba lililo mbele yake upendavyo, mlango bado umefungwa. Na hewa ikiongezeka, kompyuta inaongeza petroli ili ilingane nayo. Hakuna mahali ambapo mafuta yanaokolewa. Bomba hilo linaweza kumfaa anayekanyaga mpaka mwisho, injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika. Mimi niko kwenye foleni ya Jogoo Road, na hata barabara ikiwa tupu sheria mjini ni kilomita 50 kwa saa.

Kwenye foleni ndiyo mbaya zaidi. Boksi la kiwanda lina pua inayochungulia mbele, ivute hewa ya nje. Ile ea klina nyekundu ilikaa wazi chini ya boneti, inavuta joto la injini yenyewe, na hewa moto ni nyepesi, haina uzito wa kufanya kazi.

Tena sisi wa Nairobi hewa yetu tayari ni nyepesi. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 18. Niliwahi kumpeleka mteja Mombasa, na baada ya Voi Fielder yangu ikawa inavuta kama imekunywa uji wa wimbi. Nilidhani ni mafuta ya kituo fulani. Ilikuwa hewa tu. Lita moja ya petroli humeza zaidi ya lita 10,000 za hewa ya hapa kwetu. Lile tangi kubwa jeusi lililo juu ya ploti yetu lingejaa hewa badala ya maji, lingekwisha kwa lita moja. Hakuna bomba la Grogan litakalokuletea hewa ya Mombasa. Wenye turbo wana habari nyingine, kwa sababu turbo inaikandamiza hewa kwa nguvu kabla haijaingia. Yangu haina turbo, ina siti za watoto.

Sisemi vijana waache kuchezea magari yao. Jirani yangu mmoja alilifikiria hili la joto vizuri kuliko mimi, akanunua bomba refu linaloteremka hadi nyuma ya bampa, kwenye hewa baridi. Kwa hewa alikuwa sahihi kabisa. Halafu ikaja mvua ya Aprili 2024, ile iliyofurisha nusu ya mji. Akaingia kwenye maji ambayo gari la kawaida lilipita mbele yake likiyapasua, yeye pua yake iko chini, injini ikanywa. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikapanda, ikakuta maji hayasogei, kondrodi, chuma kinachoisukuma pistoni, ikapinda. Gari lake bado liko juu ya mawe, na watoto wa ploti hucheza kibe nyuma yake.

Basi ombi langu, Mhariri. Tupeni ukurasa wa injini. Ukikosekana ukurasa, nusu. Ikikosekana nusu, nafasi ya yule sungura kila baada ya wiki mbili. Ufundi wa magari Nairobi unazungumzwa kwa Kiswahili kuanzia asubuhi hadi jioni, Grogan, Industrial Area, chini ya kila mti wenye tairi limeegemea. Fundi anamfundisha mwanagenzi wake kwa Kiswahili. Dereva analalamika kwa Kiswahili. Lakini siku ukitaka kusoma, ujue kabla hujatoa pesa, Kiswahili kinakimbia na unaachwa na karatasi ya Kiingereza na Kichina. Muuzaji anajua hilo. Ndiyo maana anauza kwa neno "kupumua".

Na tafadhali msituletee maneno ya maabara. Niliona mahali mtu ameandika neno refu la kichungi cha hewa, nikajaribu kulisema mbele ya fundi wangu, akaniuliza kama naumwa kifua. Andikeni ea klina, plagi, gasketi, nozo, boneti. Mwandishi akae na fundi kwenye benchi, aulize, aandike anachosikia. Mnaweza kuanza na taa ya njano: ikiwaka ina maana gani, na ni lini unaweza kumalizia safari na ni lini usimame hapo hapo. Muulizeni pia yule fundi kwa nini mafuta ya ea klina ya pamba hupakwa kidogo, na neno "kidogo" liandikwe kwa herufi kubwa. Gazeti nitalinunua mimi, na pale stendi yetu tuko madereva kumi na mmoja tunaosomeana.

Boksi langu? Kijana alikuwa ameshalipeleka Grogan siku ile ile ya Jumatatu na kupewa zile 500, akanunua bando. Ikabidi nirudi. Muuzaji ni yule yule, hakunikumbuka au alijifanya. Nikamwambia nataka boksi la ea klina la Fielder, 1NZ. Akaingia ndani, akatoka nalo limefutwa kwa mafuta ya taa mpaka linameremeta, akasema 2,800. Nikalishusha hadi 2,500. Nilipofungua kifuniko kuangalia kama klipu zote zipo, kwenye kona ya chini kulikuwa na bawa moja la kumbikumbi, limenata.

Nikamuuliza limetoka wapi.

"Hii, mathe? Imeshuka juzi na kontena kutoka Japani. Haijaguswa."

Mama wa Fielder Nyeupe,
Umoja, Nairobi